Kuzaliwa mahali hakutoshi kupaandika

Imani hii ni ya siku nyingi: mahali huandikwa vizuri na mzawa tu, na kusoma sana maandishi ya wengine humharibia mwandishi jicho lake. Si kweli, na inanisikitisha, kwa kuwa inawanyima waandishi chipukizi msaada mkubwa.

Mfano mzuri ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, lakini riwaya yake Paradise (1994), ambayo kwa Kiswahili inaitwa Peponi, inatupeleka bara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Enzi hiyo hakuiona. Ni kweli alisafiri Afrika Mashariki mnamo 1990 kutafuta habari, ila miguu haimfikishi mtu mwaka 1900. Wahakiki wameonyesha jinsi riwaya hiyo inavyozungumza na masimulizi ya wasafiri Waswahili yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Humo mna wapagazi na mizigo yao, hongo, yaani ushuru wa njia, inayodaiwa na watawala kabla msafara haujapita, na hofu ya mtu wa pwani akiingia nchi asiyoijua. Ramani haikuelezi hofu hiyo.

Mzawa naye ana upofu wake: vitu alivyovizoea havioni tena. Akisoma barua, tenzi au habari za safari za kwao, ndipo anapogundua kwamba mtaa wake uliwahi kuwa na jina jingine, au kwamba mgeni alishangazwa na harufu ambayo yeye haisikii.