Shairi huru ni nini, na Walt Whitman ana mkono gani ndani yake

Shairi huru ni shairi ambalo mtunzi wake hakujifunga kwa arudhi: hakupanga vina, hakuhesabu mizani, hakuligawa katika beti zinazolingana. Ndivyo daftari za shule zinavyosema, na hazijakosea. Ila maana hiyo inataja tu kisichokuwemo. Ukimwambia mgeni kwamba chapati ni mkate usio na hamira, hujamdanganya, lakini chapati bado hajaijua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaoniumiza kila nikiusikia. Shairi huru si shairi guni. Guni ni lile ambalo mtunzi alikusudia mizani 8 kwa 8, ikamponyoka ikawa 7 mahali, au kina cha kati kikampotea ubeti wa tatu. Lina kilema kwa sheria alizozikubali mwenyewe. Mtunzi wa shairi huru hakuzikubali sheria hizo tangu mwanzo. Ana nyingine, na kuziona inabidi turudi kwa mtu aliyezionyesha dunia kwa uwazi kuliko wote waliomtangulia katika Kiingereza.

Walt Whitman, mshairi wa Marekani, alizaliwa tarehe 31 Mei 1819 huko Long Island, jimbo la New York, mtoto wa seremala. Shule aliiacha akiwa na miaka 11. Akajifunza kazi ya uchapaji, akafundisha watoto vijijini, akawa mhariri wa magazeti Brooklyn. Mwaka 1855 alitoa kwa gharama yake kitabu chembamba chenye mashairi 12, nakala 795, na baadhi ya kurasa alizipanga herufi kwa mikono yake mwenyewe. Kitabu kiliitwa Leaves of Grass, yaani majani ya nyasi. Kwenye jalada hapakuwa na jina la mwandishi. Ndani palikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu, kofia imelala upande, kola ya shati wazi, mkono mmoja kiunoni. Naipenda sana picha ile. Washairi wa wakati wake walipigwa picha wamevaa koti na tai; huyu amesimama kama fundi aliyeitwa kutoka kazini.

Mwaka uleule Longfellow, mshairi aliyependwa kuliko wote Marekani, alitoa utenzi wake wa Hiawatha, ambao mishororo yake inakwenda silabi 8, 8, kama mapigo ya ngoma. Huyo ndiye aliyeuza. Mtu aliyezoea Longfellow alipofungua kitabu cha Whitman alikuta mishororo mirefu, mingine ikivuka ukurasa na kuangukia chini, bila kina hata kimoja.

Tuuone utofauti huo kwa karibu. Mishororo miwili hii nimeitunga mimi kwa ajili ya mfano:

Nyasi zaota shambani, mvua iliponyesha,
Mtoto kaja jioni, kazishika, kaonyesha.

Hesabu: 8 kwa 8, kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -sha. Imbika inaimbika. Sasa msikilize Whitman na mtoto wake mwenye nyasi, kwa tafsiri yangu:

Mtoto aliuliza, Nyasi ni nini? akiniletea viganja vyote viwili vimejaa;
Ningemjibuje mtoto? Mimi sijui nyasi ni nini kumzidi yeye.

Kisha anaanza kubahatisha. Labda nyasi ni bendera ya moyo wake. Labda ni leso ya Mungu, imeangushwa kwa makusudi ili tuiokote na kuuliza ni ya nani. Labda nyasi zenyewe ni mtoto. Halafu, bila kukutayarisha, anasema kwamba sasa anaziona kama nywele nzuri za makaburi, nywele zisizokatwa.

Mishororo yangu miwili ilimaliza kazi pale ilipotimiza hesabu. Yake inaendelea kwa sababu mawazo hayajaisha. Kila mshororo una urefu wa wazo moja na pumzi moja, na kila “labda” inampa msomaji mahali pa kukanyaga kabla ya hatua inayofuata. Hiyo ndiyo arudhi ya shairi huru: pumzi, takriri (kurudia maneno kwa makusudi), na usambamba wa sentensi. Kinachorudi ni umbo la usemi, si sauti ya silabi ya mwisho.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili si jambo geni hata kidogo. Whitman aliyatoa mengi kwenye Biblia, na aliyewahi kusikia Zaburi ya 136 ikisomwa kanisani anaijua mbinu hiyo. Kila mstari unasema jambo jipya, kisha unarudi palepale: “Kwa maana fadhili zake ni za milele.” Hakuna vina wala mizani, na hakuna anayethubutu kusema haina mdundo. Alichokuja nacho Whitman ni kuichukua sauti hiyo ya ibada na kuwamwagia seremala, mwashi, mtu wa mashua, mshona viatu, mama anayeimba kazini. Anawaorodhesha watu hao kama vile ukoo unavyotajwa katika maandiko, kila mtu na kazi yake. Lugha yake ilikuwa ya magazeti na ya barabarani. Mshairi aliyemwona mtu wa kawaida anastahili mshororo mrefu hivyo hakuweza kumbana ndani ya silabi 8.

Wapo wanaosema mtu huandika shairi huru kwa kuwa vina vimemshinda. Kwa Whitman hilo halisimami. Rais Abraham Lincoln alipouawa Aprili 1865, Whitman aliandika ombolezo la vina na beti, O Captain! My Captain!, ambamo nahodha analala maiti juu ya sitaha huku bandari ikishangilia merikebu kufika salama. Watu walilipenda, shule zikalikaririsha, na uzeeni alikaribia kujuta kwamba aliliandika, maana popote alipokwenda waliomba hilohilo. Kwa kifo kilekile aliandika shairi jingine refu na huru, lenye maua ya mlilaki, nyota ya magharibi na ndege anayeimba peke yake kinamasini. Mimi nalihesabu hilo la pili kuwa kubwa zaidi, kwa mbali. La kwanza linakuambia ulie mahali gani. La pili linakuacha utembee na msiba mwenyewe. Aliujua msiba. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa akizunguka hospitali za jeshi mjini Washington, akikaa na vijana waliokatwa miguu, akiwaandikia barua za nyumbani.

Kitabu chake aliendelea kukiongeza na kukipanga upya hadi mwaka wa kifo chake, 1892, mashairi yakafika karibu 400. Kufikia hapo uzi ulikuwa umeshavuka bahari. Mwaka 1886 Jules Laforgue alimtafsiri kwa Kifaransa katika jarida la Paris ambamo vijana walikuwa wakijaribu shairi huru la kwao. Mwaka 1887 José Martí wa Kuba aliwaandikia wasomaji wa Kihispania makala ndefu ya kumsifu. Baadaye Pessoa, mshairi Mreno, alimwandikia shairi la salamu. García Lorca wa Hispania alimtungia utenzi wa sifa. Neruda wa Chile alikiri hadharani kwamba ana deni kwake. Na Ameen Rihani, Mlebanoni aliyekulia New York, akaanza kuandika mashairi ya Kiarabu yasiyo na bahari, yaani mpangilio maalumu wa mizani, wala kina. Na katika Kiarabu ndiko neno arudhi lenyewe lilikotoka.

Lakini athari ninayoiona nzito kuliko zote ni ya Langston Hughes, mshairi wa Marekani. Mwaka 1923 kijana huyo Mweusi alipanda meli ya mizigo kama baharia, kuelekea Afrika Magharibi. Akiwa safarini alitupa vitabu vyake baharini, akabakiza kimoja: cha Whitman. Baadaye akaandika shairi fupi kumjibu Whitman, yule aliyesema anaisikia Marekani ikiimba. Nami pia naiimba Marekani, anasema Hughes, mimi ni yule ndugu mweusi anayepelekwa kula jikoni wageni wakija. Whitman aliwaimba watu wote, ila nje ya mashairi aliandika pia maneno ya dharau juu ya Weusi. Hughes alichukua umbo lake huru na kulitumia kudai kiti mezani. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mshairi anaweza kumpa mwenzake.

Kwetu, hoja hii iliwaka miaka ya 1970. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amezikusanya sheria za utunzi katika kitabu chake cha 1954, na wengi walizishika kama msahafu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974, alisema wazi kwamba anataka lugha ya kawaida, ile watu wanayoongea kila siku. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walijibu kwamba ushairi wa Kiswahili ni wimbo, na kisichoimbika si shairi. Washairi Mulokozi na Kahigi wakaingia upande wa usasa. Hoja ya wanamapokeo naiheshimu, kwani shairi la Kiswahili lilikaa kooni karne nyingi kabla ya kukaa kwenye karatasi. Ila nao waliweka mpaka wa wimbo karibu mno. Zaburi inaimbwa, na bibi anayemlilia marehemu hahesabu mizani.

Kwa hiyo ukipewa shairi huru, usilitafutie kina. Lisome kwa sauti na uone mshororo unakatika wapi, na kwa nini hapo. Yarudishe yale maneno ya mtoto mwenye nyasi katika aya ya kawaida, bila kukata mistari, uyasome haraka. Utapoteza kitu kimoja tu: kimya kilicho baada ya “vimejaa,” pale mtu mzima anapoitazama mikono ya mtoto na bado hana jibu.