Mtoto Aliyekulia Kwingi Hajachanganyikiwa

Wazazi wanaohama nchi kwa ajili ya kazi, au waliooana wakitoka mataifa tofauti, hunijia na hofu ileile: mtoto huyu mwenye lugha tatu, asiyejua ajibu nini akiulizwa kwao ni wapi, si atachanganyikiwa? Mimi ni mshauri nasaha wa familia za namna hii. Ninapokaa na mtoto kama huyo, ninachokitafuta zaidi ni msiba ambao hakuna aliyeuomboleza.

Kubadilikabadilika kwake hakunitishi. Mtoto anayewatazama wakubwa usoni huku, na kuinamisha macho kule, huambiwa ana sura mbili. Wengine humwita popo: si ndege, si mnyama. Mwaka 2000 mtafiti wa saikolojia Ying-yi Hong na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia watu wa Hong Kong waliolelewa kwa mila za Kichina na za Kimagharibi. Baadhi walionyeshwa kwanza alama za Kichina, wengine za Kimarekani. Kisha wote wakaulizwa kuhusu picha ya samaki mmoja aliyetangulia mbele ya kundi: kwa nini yuko mbele? Walioona alama za Kichina walielekea zaidi kutaja msukumo wa kundi, na walioona za Kimarekani wakataja nia ya samaki mwenyewe. Hakuna aliyekuwa akiigiza. Mtu akishalelewa kwa macho mawili, mazingira ndiyo yanayoamsha moja kati yake.

Miaka miwili baadaye Veronica Benet-Martínez, aliyeshiriki utafiti huo, alionyesha jambo linalonihusu sana kazini. Wale wanaoziona tamaduni zao mbili kuwa zinapatana huitikia kama nilivyoeleza. Wanaoziona kuwa mahasimu huenda kinyume: waonyeshe alama za upande mmoja, nao wataegemea wa pili. Nawafahamu vijana hawa. Shangazi akiwasalimu kwa lugha ya nyumbani hujibu kwa lugha ya shule, na shuleni, wakiombwa wafanane na wenzao, hujifanya wageni kabisa. Kwa ninavyoona mimi, uhasama huo aghalabu hupandwa na watu wazima. Nyumbani anaambiwa mwacha asili ni mtumwa; nje anaambiwa arudi kwao. Kumlazimisha mtoto achague upande ni kumuumiza, hata kama nia ni njema.

Erik Erikson, aliyetuachia dhana ya mgogoro wa utambulisho, aliyajua haya mwilini mwake. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, mama yake Myahudi wa Denmark, akalelewa na baba wa kambo Myahudi. Kwenye sinagogi alitaniwa kwa nywele zake za rangi ya dhahabu, shuleni akataniwa kwa Uyahudi wake. Alifundisha kwamba mtu hujitambua pale anapojiona kuwa yuleyule miaka ikipita, na watu wake nao wakamwona hivyo.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo anayonyang'anywa mtoto wa kuhamahama. Kila uhamisho humtenga na mashahidi wake: yaya aliyemfundisha wimbo wa kwanza, rafiki aliyejua anaogopa nini, jirani aliyeita jina lake kwa lafudhi fulani. Hawajafa, kwa hiyo hakuna matanga wala anayekuja kumpa pole. Pauline Boss, mtaalamu wa masuala ya familia, ameandika kwa kina kuhusu upotevu wa aina hii usio na mwisho ulio wazi. Mtoto akijaribu kulia huambiwa ana bahati ya kuiona dunia. Basi hunyamaza, na ukubwani namkuta akivunja urafiki kabla hajaachwa, au akigombana na kila mtu wiki za mwisho kabla ya safari.

Na kurudi katika nchi ya wazazi mara nyingi ndiko kugumu kuliko kote. Anafanana na wenyeji, jina lake ni la kwao, kwa hiyo hakuna anayemvumilia asipoelewa utani au utaratibu. Mgeni anayeonekana kuwa mgeni husamehewa.

Ninachowaomba wazazi ni kwamba tarehe ya kuhama asiisikie dakika za mwisho, na aage kwa heshima: watu, chumba, mti anaoupenda, hata mbwa wa jirani. Kama amekosana na mtu, apatanishwe naye kabla ya kuondoka. Baada ya kuhama, msimzuie kuzungumza na marafiki wa zamani eti azoee haraka. Hao ndio wanaomjua. Akilia miezi mingi baadaye kwa jambo linaloonekana dogo, mwulizeni anamkumbuka nani, kisha msikilizeni bila kumtajia faida za mahali papya. Swali la kwao ni wapi analijibu anavyotaka siku hiyo, kwa neno moja au kwa hadithi nzima, na mzazi asimsahihishe mbele ya watu.