Pakiti hii sasa ni ya nani?

Kiraka, yaani pendekezo la kubadilisha msimbo wa draiva ya kadi ya mtandao katika Linux, kilikuwa na mistari minne tu. Mwandishi wake alikuwa ameihamisha hesabu ya baiti zilizotumwa, akaitoa katikati ya fanksheni ya kutuma na kuiweka mwishoni kabisa, baada ya kadi ya mtandao kuarifiwa kwamba kuna kazi. Maelezo yake yalisema ni usafi tu: kwa nini tuhesabu pakiti ambayo haijaondoka? Kilikompailika bila onyo hata moja na majaribio yote yakapita. Nami nilikuwa karibu kukiwekea Reviewed-by yangu, saini ya mkaguzi aliyeridhika.

Kilichonizuia ni swali ambalo nimejizoesha kuliuliza katika kila mstari wa draiva: kufikia hapa, pakiti hii ni ya nani?

Kwa wasioijua njia yenyewe: ndani ya kerneli ya Linux, pakiti hubebwa na muundo uitwao sk_buff, nasi kwa mkato tunauita skb. Kerneli humkabidhi draiva skb kupitia fanksheni yake ya kutuma, ndo_start_xmit. Draiva huandika anwani ya data kwenye deskripta, yaani kijirekodi ambacho kadi hukisoma, deskripta hukaa kwenye foleni ya mviringo tuitayo ringi, kisha draiva huandika namba kwenye rejista moja ya kadi ili kuiamsha. Rejista hiyo wengi huiita kengele ya mlangoni. Mimi huona ni hodi, maana ukishaipiga, linalofuata liko mikononi mwa mwenye nyumba.

Ukishapiga hodi, skb si yako tena. Kadi inaweza kuituma pakiti, ikatoa taarifa ya kukamilika kwenye prosesa nyingine, na huko skb ikaachiliwa kabla prosesa yako haijafika mstari unaofuata. Mstari huo ukisoma skb->len, yaani urefu wa pakiti, unasoma kumbukumbu ambayo huenda imeshagawiwa mwingine. Mara nyingi sana utakuta namba ileile ya zamani na hutajua kitu. Ndiyo maana majaribio hupita.

Kwenye kiraka hiki kulikuwa na jambo zito zaidi. Draiva ile ilitumia BQL (Byte Queue Limits), utaratibu ulioingia katika Linux 3.3 mwaka 2012 ili kuzuia baiti nyingi kupita kiasi zisirundikane kwenye ringi. Unaiambia kerneli umetuma baiti ngapi kwa netdev_tx_sent_queue, na zikikamilika unaiambia kwa netdev_tx_completed_queue. Mwandishi alikuwa ameuhamisha wito ule wa kwanza pia, ukafuatana na takwimu hadi chini ya hodi. Sasa fikiria taarifa ya kukamilika ikiwahi. Kerneli itaambiwa zimekamilika baiti ambazo bado haijaambiwa kwamba zilitumwa. Ndani ya dql_completed, fanksheni inayofanya hesabu hiyo, kuna BUG_ON, ukaguzi wa kuisimamisha kerneli, inayongoja hali hiyohiyo, na ikiikuta haitoi onyo la upole. Mashine inaanguka.

Usafi tu, kumbe.

Swali hilohilo ndilo linalofungua fumbo linalowasumbua wengi wanaoandika draiva yao ya kwanza. Tuseme skb ina vipande kadhaa (kikomo cha kawaida ni 17), na dma_mapping_error inakwambia kipande cha tano kimekataa kupata anwani ya DMA, ile ambayo kadi huitumia kusoma kumbukumbu yenyewe bila prosesa. Draiva nzuri hurudi nyuma: inaondoa ramani za vile vinne vya kwanza pamoja na ya kichwa cha pakiti, inaitupa skb, kisha inarudisha NETDEV_TX_OK. Mgeni hushangaa. OK ya nini, na pakiti imetupwa? Hiyo OK haina maana ya "nimetuma". Maana yake ni "nimeipokea, usiniulize tena". NETDEV_TX_BUSY ndiyo inayosema "bado ni yako, nijaribie baadaye". Ukiitupa skb kisha ukarudisha BUSY, kerneli itakuletea tena pakiti ambayo umeshaizika. Nimeikuta hitilafu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na karibu kila mara imejificha kwenye njia ya kosa, ambako majaribio ya kawaida hayafiki kwa sababu DMA ni nadra kukataa.

Kwa hiyo huanza kusoma kiraka kutoka chini. Kwanza lebo za goto, mahali msimbo unaporukia kosa likitokea, nikihakikisha zinafungua vitu kinyume cha mpangilio wa kuvifunga. Halafu fanksheni ya kuiondoa kadi, halafu ile ya kuizima. Probe, fanksheni ya kuiandaa kadi inapogunduliwa, naiacha mwisho, na humo natazama kama register_netdev, inayoitangaza kadi kwa mfumo, iko mwishoni, kwa sababu ikishaitwa tu, programu yoyote inaweza kuiwasha kadi hata kama wewe hujamaliza kuandaa ringi zako.

Kwenye kuzima kuna mtego mmoja ninaouheshimu. Fanksheni ya kuzima, ndo_stop, huitwa RTNL, kufuli kuu la mipangilio ya mtandao, ikiwa imeshikwa. Ukiita cancel_work_sync humo, ambayo hungoja kazi ya pembeni iishe, na kazi unayoingoja nayo inataka kufuli hilohilo la RTNL, basi wawili hao watangojeana kama wageni wanaoambiana "tangulia wewe" mlangoni, na hakuna atakayeingia.

Mpangilio wa vigezo kutoka mstari mrefu hadi mfupi, nafasi, mabano: hayo nawaachia checkpatch na wenzake, programu za kukagua mtindo. Kama marekebisho yaende net (tawi la kurekebisha hitilafu) au net-next (la vipengele vipya), na kama Fixes: ina herufi 12 za hashi ya komiti iliyoleta kosa, natazama kwa sekunde tano. Mkaguzi anayeanza na nafasi huwa amechoka kabla hajafika kwenye hodi.

Kuna unyenyekevu mmoja wa lazima. Mara nyingi mwandishi ana kadi mezani kwake na mimi sina. Yeye anajua inavyofanya kazi. Mimi najua tu kile ambacho kerneli imeahidi na ambacho haijaahidi. Ndiyo maana sikumwandikia kwamba amekosea. Niliuliza: ni nini kinachozuia taarifa ya kukamilika kufika kati ya hodi na mstari huu?

Alijibu kwa heshima kwamba kadi yenyewe ni ya polepole, haiwezi kumaliza ndani ya maelekezo machache ya prosesa. Kwa kadi yake, juu ya meza yake, nadhani alisema kweli. Nikamkumbusha kwamba kati ya mistari ile miwili hakuna kinachozuia interapti ya maunzi (ishara inayoikatiza prosesa kazi yake), na kwamba draiva ikiwa ndani ya mashine pepe, mwenyeji anaweza kuisimamisha prosesa papo hapo kwa milisekunde nzima. Katika muda huo hata kadi ya polepole itakuwa imemaliza ringi yote.

Toleo la pili lilikuja baada ya siku mbili. Wito wa BQL ulikuwa umerudi juu ya hodi, urefu wa pakiti umewekwa pembeni mapema, na takwimu zinahesabiwa kutoka hapo bila kuigusa skb. Juu ya hodi ameongeza komenti ya mstari mmoja: kuanzia hapa skb si yetu.

Nikaweka Reviewed-by.