Mkeka umechanika, deni limebaki: maswali na majibu

Maswali haya ya kamari na madeni hurudi kila mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia kwa simu na kutoka kabla hujafika stejini. Majina hayapo, na hayahitajiki.

Daktari, kubeti ni ugonjwa kweli, au ni kukosa adabu tu?

Wengi wanaobeti si wagonjwa. Mtu akiweka shilingi 50 Gor Mahia wakicheza na Leopards, akapoteza, akaendelea na Jumapili yake, huyo hana shida. Mgonjwa ni yule asiyeweza kujizuia, ambaye kamari imetangulia kazi na watoto, na anayeendelea hata baada ya kuumia. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Ubongo humwaga dopamini, kemikali ya hamu, mtu anaposubiri matokeo, si anaposhinda peke yake. Ndiyo maana mkeka (ubashiri wa mechi kadhaa kwa pamoja) wa timu nane uliochanwa na timu moja dakika ya 90 haumfukuzi mtu. Unamwambia alikuwa karibu, arudi. Na kadiri mchezo unavyokwenda kasi ndivyo unavyonasa. Mpira una dakika 90. Ule mchezo wa kamari wa ndege kwenye simu ni tofauti: ndege hupaa na kupotea kwa sekunde chache, kisha inapaa nyingine.

Nadaiwa kama 380,000: Fuliza (mkopo wa M-Pesa salio likipungua), apu tano za mikopo, sacco, na shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa wa mtaani. Mke wangu hajui. Nianze wapi?

Anza na taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Piga *334# au tumia apu, uiombe. Kisha keti na kalamu, ujumlishe kila shilingi iliyokwenda kwa kampuni za kamari, na kando yake zilizorudi. Usikadirie. Mraibu hukumbuka alichoshinda kwa jina la timu, lakini alichopoteza hukikumbuka kwa ukungu. Shilingi 300 kwa siku husikika kama nauli na chapati. Kwa mwezi ni 9,000, kwa mwaka ni 109,500.

Halafu mwonyeshe mkeo karatasi hiyo. Najua hili ndilo hukutaka kusikia. Lakini mikopo mingi kati ya hiyo, nadhani, uliichukua kuficha mkopo mwingine: apu moja ikalipa nyingine ili nyumbani kusinuke. Siri yenyewe inatozwa riba. Usimwambie nusu, maana akigundua nusu ya pili baadaye utakuwa umemuumiza mara mbili.

Ziba tundu kabla ya kuteka maji. Futa apu za kamari, iandikie kila kampuni uliyojisajili ikufungie akaunti, na mshahara uingie mahali ambapo huwezi kuufikia saa sita za usiku. Wengine humwachia mwenza pesa zote na kupewa nauli ya siku. Ni aibu kidogo kwa mtu mzima, na inafanya kazi.

Sasa madeni. Kodi ya nyumba, chakula, stima, dawa na karo vinatangulia. Mwenye njaa anayelala nje hawezi kulipa mtu. Baada ya hapo mimi ningeitanguliza sacco, kwa sababu usipolipa wanakatwa wadhamini wako, nao hawakubeti. Nenda ofisini mwenyewe kabla hawajakuita, uombe mkopo upangwe upya kwa kiasi unachoweza. Fuliza ina tabia yake: pesa yoyote ikiingia kwenye laini, inajikata yenyewe kwanza. Kwa hiyo usipange bajeti kwa pesa ambayo haitakufikia, na ukimaliza deni hilo, jiondoe kwenye huduma. Kama shailoki ameshika kadi yako ya ATM, nenda benki uifungie, uombe mpya, kisha mwambie utalipa kwa awamu na kila awamu iandikwe. Akitishia kukuumiza, hilo ni la polisi.

Kama huna mali kabisa na madeni yako ni kati ya 100,000 na 400,000, Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, ambao maombi yake hupelekwa kwa Mpokeaji Rasmi. Si mlango wa kukimbilia: aliyekopa huku akijua hana njia ya kulipa anaweza kukataliwa. Zungumza na wakili kwanza.

Je, nikipata multibet moja tu, yaani mkeka mmoja, ya kumaliza deni, niache?

Hapana. Tuseme timu mbili zina nguvu sawa, na hakuna sare. Malipo ya haki yangekuwa mara 2.00, lakini kampuni inakupa 1.90. Kwa kila shilingi 100 wanaobeti hivyo hurudishiwa 95 kwa wastani. Unganisha mechi tano za aina hiyo, zinarudi 77. Unganisha kumi, zinarudi 60. Mkeka mrefu unaoonekana ndio mkombozi ndio unaokuchuna zaidi.

Mwanangu anadaiwa, nami nataka kuuza kipande cha shamba Murang'a nimlipie. Nifanye hivyo?

Mama, subiri kidogo. Mapenzi yako hayana dosari, lakini pesa nyingi mkononi mwa mtu ambaye bado anabeti hugeuka mtaji wa kubeti. Na deni likifutwa kwa siku moja, kile kilichokuwa kinamsukuma kutafuta tiba hupotea nalo.

Kama lazima usaidie, lipa moja kwa moja: kodi kwa landilodi, karo kwa shule, chakula dukani. Mwombe akuonyeshe taarifa ya M-Pesa kila wiki. Akikasirika, si lazima iwe kiburi. Wanaoacha kamari hupata hasira na kukosa usingizi siku za kwanza, karibu kama anayeacha sigara. Usimwite mwizi mbele ya wadogo zake. Na shamba usiliuze.

Watu wa apu za mikopo wanapigia bosi wangu na shangazi yangu. Wanasema polisi wanakuja.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutoa vitisho, kutukana na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu yako. Piga picha za skrini, hifadhi jumbe, ulalamike Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kushindwa kulipa mkopo si kosa la jinai, kwa hiyo polisi hawaji kwa sababu ya apu. Mdai anaweza kwenda mahakamani kwa kesi ya madai, na barua ya mahakama usiipuuze kamwe. Deni lenyewe bado ni lako.

Sitaki kuendelea kuishi. Nikifa, deni litaisha.

Usikae peke yako usiku huu. Mpigie mtu mmoja, umwambie maneno hayo hayo bila kuyapamba. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Kama tayari una mpango au una kitu mkononi, nenda kitengo cha dharura cha hospitali yoyote iliyo karibu, au mtu akupeleke.

Wengine huogopa kusema kwa kuwa sheria ilimshtaki aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakiuka katiba. Sema.

Na ndugu mnaosoma hapa: mtu mwenye deni la siri akianza kugawa vitu vyake au kuaga bila safari, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Tiba iko wapi, na kuna dawa?

Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kutambua kinachomsukuma (upweke, mwisho wa mwezi, ugomvi, hata jumbe za bonasi) na imani potofu kama "leo ni zamu yangu". Naltreksoni, dawa iliyozoeleka kwa uraibu wa pombe, huwasaidia baadhi. Daktari ndiye anayeamua. Hapa Nairobi pa kuanzia ni Hospitali ya Mathari kwenye Barabara ya Thika, au kliniki ya magonjwa ya akili katika Hospitali ya Kenyatta. Sema "kamari" tangu mapokezi. Ukisema tu hupati usingizi, utapewa vya usingizi.

Baba ana miaka 67, hajawahi kucheza kamari, ghafla anabeti kila siku.

Anatumia dawa za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka? Pramipeksoli na ropiniroli zinaweza kumletea mtu kiu ya kamari. Asiziache mwenyewe. Mrudisheni kwa daktari aliyemwandikia, wiki hii, mkiwa na pakiti za dawa mkononi.