Je, wajua kwa nini silinda namba 3 ya Beetle hupigiwa cheche kwa kuchelewa?

Ukiwa unaseti taimingi (wakati wa kupiga cheche) ya Volkswagen Beetle ya zamani kwa taa ya taimingi, hamisha kibano cha taa kutoka waya wa plagi namba 1 ukakibane kwenye namba 3. Kwenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) nyingi za asili utaona alama ya puli, gurudumu la mkanda la injini, imesogea kulia kidogo. Wengi hudhani distributa imechoka. Kumbe ilitengenezwa hivyo kiwandani.

Tuanze na cheche yenyewe. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa. Tukisema kazi hiyo inachukua milisekunde 2, injini inayozunguka mara 900 kwa dakika itakuwa imegeuka nyuzi 11 hivi kabla moto haujakamilika. Ndiyo maana cheche hupigwa pistoni ikiwa bado inapanda, ili msukumo mkubwa uje inapoanza kushuka. Ukiiwahisha mno, injini inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka vibaya kwa kishindo, na kuchemka. Ukiichelewesha mno, nguvu zinapungua.

Sasa namba 3. Injini hii haina rejeta wala maji. Feni inasukuma hewa juu ya mapezi ya silinda. Namba 1 na 2 ziko kulia, 3 na 4 kushoto, na 3 ndiyo ya mbele. Katika modeli za kabla ya 1971, kipoza oili kilisimama ndani ya kava la feni, juu ya silinda hiyo hiyo. Hewa ya kuipoza ilizibwa kwa sehemu, na iliyopita ilikuwa imeshabeba joto la oili. Silinda yenye joto hugonga mapema kuliko wenzake, kwa hiyo pembe moja ya kamu ya distributa (kipande chenye pembe kinachoamua wakati wa kila cheche) ilichongwa ili namba 3 ipate cheche nyuzi 2 hadi 4 baadaye. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu tu. Tiba ilikuja na modeli za 1971, kipoza kilipotolewa nje ya mkondo huo na kupewa njia yake ya hewa.

Na hapa ndipo mafundi wanapoteleza. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, na cheche hufuatana kila nusu mzunguko wa krankshafti, shafti kuu ya injini. Kwa hiyo 1 na 3 zinatumia alama ile ile ya puli! Ukilinganisha alama na mstari wa kuungana kwa nusu mbili za bloku bila kuangalia rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa), unaweza kuwa umesimama kwenye namba 3, na silinda nyingine zote zikawahi kuliko inavyotakiwa. Rota lazima ielekee kwenye mkato mdogo ulio ukingoni mwa distributa: hapo ndipo namba 1.

Kabla ya yote weka nafasi ya pointi (swichi ndogo ndani ya distributa, ambayo ikifunguka cheche hupigwa), milimita 0.4, maana ukiigusa baadaye taimingi inahama. Injini ikiwa baridi, zungusha puli kwa spana kufuata saa hadi alama ikae kwenye mstari. Kwa injini nyingi za miaka ya 1960 ni nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu kabisa, lakini puli nyingine zina alama zaidi ya moja, kwa hiyo hakikisha ya injini yako. Unganisha balbu ya volti 12 kati ya waya namba 1 wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche; ni ule waya unaokwenda kwenye pointi, si wa plagi) na bodi, kisha fungua swichi. Legeza nati ya kibano cha distributa, izungushe kufuata saa mpaka balbu izime, halafu irudishe polepole. Balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka: simama hapo. Kaza nati, kisha rudisha puli nyuma kidogo na uilete tena kwenye alama uone kama balbu inawaka hapo hapo, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kuisogeza distributa.