Karate, pumzi na akili iliyotulia: maswali na majibu

Karate si kupigana? Inamtulizaje mtu?

Wengi wetu hapa Uganda tuliijua kung fu kwenye kibanda cha video, VJ, yule mtafsiri wa filamu, akipaza sauti juu ya picha na mateke yakiruka kila upande. Ukumbi wa mazoezi ni mahali tofauti kabisa, na nikuonye mapema: sehemu kubwa ya somo haina cha kutazama. Watu wanapiga magoti, wanafumba macho dakika moja au mbili (Wajapani wanaita *mokuso*), kisha wanarudia hatua zilezile mpaka jasho liwatoke.

Anayeanza karate ya mtindo wa Shotokan hufundishwa *kata* (mfuatano wa miondoko uliopangwa) iitwayo Heian Shodan, yenye miondoko 21. Unageuka kushoto, unakinga chini kwa mkono wa kushoto, unapiga hatua mbele, unatoa ngumi ya kulia. Halafu unageukia upande wa pili. Ukianza kuwaza karo ya muhula ujao, utajikuta umeelekea ukutani wakati wenzako wote wameelekea mlangoni. Mwili umekuumbua papo hapo, basi unacheka kidogo na kurudi kwenye hatua inayofuata. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe la utulivu. Kumwambia mtu mwenye mawazo "acha kuwaza" hakujawahi kumsaidia yeyote. Kumpa mguu wa kuangalia ulipo kunasaidia.

Mwilini kunatokea nini?

Ukitishika au ukikasirika, adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo hudunda, pumzi hupanda juu kifuani, mabega hukaza. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza hadi karibu mara 6, na kutoa pumzi kukachukua muda mrefu kuliko kuvuta, neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, huufanya moyo upunguze mwendo. Ndiyo maana mwalimu mzuri hukusahihisha pumzi kabla ya ngumi.

Pia kuna faida ya mazoezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Masomo mawili ya saa moja na nusu yanakufikisha hapo, na mara nyingi usingizi nao huwa mzuri zaidi.

Lakini mimi naipa uzito zaidi faida moja isiyosemwa sana, nayo iko kwenye *kumite*, pale wawili wanapokabiliana. Mwenzako anakujia, moyo unakwenda mbio, na bado unatakiwa uuzuie mkono wako kabla haujamuumiza. Unazoea kuwa na hofu mwilini bila kuitii. Kijana wa boda aliyechomekewa na taksi pale Wandegeya anauhitaji ujuzi huo kuliko teke lolote.

Mwanangu hatageuka mgomvi?

Inategemea anafundishwa nini. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Michael Trulson, alichapisha utafiti juu ya vijana waliokuwa na tabia za uhalifu. Kundi moja lilifundishwa taekwondo (sanaa ya kupigana ya Kikorea) ya jadi, pamoja na kutafakari na maadili yake. La pili lilifundishwa mbinu za kupigana tu. La tatu lilifanya michezo ya kawaida. Ukali ulipungua katika kundi la kwanza, na katika la pili ukaongezeka. Vijana wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo tusiupe utafiti huo uzito kupita kiasi, ila unalingana na akili ya kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda ukakae pembeni utazame somo zima. Mwalimu anayewatukana watoto, au anayewaachia wakubwa wawapige wadogo "ili wakomae", muage kwa heshima. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliweka kanuni kwamba katika karate hakuna kushambulia kwanza. Muulize mtoto kama ameisikia ukumbini.

Kuinama na kufumba macho si ibada ya watu wengine?

Swali hili huulizwa na walokole na Waislamu vilevile, na si la kudharau. Kuinama pale ni salamu kwa mwalimu na mwenzako. Mwanamke wa Kiganda akipiga magoti kumsalimu mkwe wake hatusemi anamwabudu. Kama bado dhamiri inakusumbua, zungumza na mwalimu kabla ya somo. Kwenye kimya unaweza kuhesabu pumzi tu.

Nina presha. Je, naruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo, lakini pima kwanza na umweleze mhudumu wa afya unataka kufanya nini. Usibane pumzi unapokaza misuli, maana presha hupanda ghafla. Toa pumzi kila unapopiga. Tai chi, yenye miondoko ya polepole, huwafaa wazee wengi.

Mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi hapa kwetu, hasa kaskazini na mashariki, anywe maji ya kutosha, apumzike mara kwa mara na asishindane kwa nguvu. Kuchoka sana na kukaukiwa maji kunaweza kuleta maumivu makali. Mjamzito aepuke kuangushwa na kupigwa tumbo. Na yeyote aliyepigwa kichwani akaanza kutapika, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida au kuumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali mara moja.

Sina pesa ya klabu. Nianzeje nyumbani?

Simama miguu ikiwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, tumbo lijae, mabega yasipande. Toa ukihesabu hadi sita huku ukisukuma ngumi mbele polepole, kama vile hewa ni nzito. Mkono mwingine unarudi kiunoni. Badilisha. Dakika tano zinatosha kuanzia. Kizunguzungu kikija, kaa chini upumue kawaida.

Natumia dawa za sonona. Nikizoea karate naweza kuziacha?

Usiziache mwenyewe. Mazoezi yanakwenda pamoja na matibabu, na dawa nyingine zikikatwa ghafla humrudisha mgonjwa nyuma. Anayeamua kupunguza ni daktari wako. Kama bado hujapata msaada, Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara zina vitengo vyake. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya mazoezi. Mwambie mtu unayemwamini sasa hivi, naye akusindikize hadi kituo cha afya kilicho karibu.