Mlango Mweusi wa Gereji na Jua la Januari

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kaka mmoja wa hapa Saint Paul, Minnesota, gereji yake inatazama kusini, kanipigia: "Fundi, mlango wa povu la kuzuia joto katikati ya bati mbili, wa bei hiyo, wa nini? Nipakie huu wa bati rangi nyeusi, jua lipashe bure." Kisha akanitumia video ya mtu anagusa mlango mweusi katikati ya theluji na kuruka kama kaunguzwa.

Kaunguzwa kweli, sibishi. Karibu na Krismasi jua la Minnesota adhuhuri hupanda nyuzi 22 tu hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo linaupiga mlango wa kusini karibu uso kwa uso, na theluji ya uani inaongeza mwanga. Lakini bati kuwa la moto si sawa na gereji kuwa na joto! Nje kuna upepo, ndani hewa imetulia, na upepo ndio unaochota zaidi. Siku ya upepo wa kawaida, joto linalofika ndani ni kama robo ya lile lililonyonywa na rangi.

Robo si haba, wataniambia. Haya, tupige hesabu kwa uniti, zilezile za umeme wa LUKU (kWh). Mlango wa futi 16 kwa 7 ni mita za mraba 10 hivi. Siku angavu kabisa ya baridi hupigwa na uniti kama 45 za jua. Ndani zinaingia 10. Sasa weka nje nyuzi 10 chini ya sifuri, ndani 5 za joto. Bati tupu litavujisha uniti 21 au 22 kwa saa 24, maana usiku haliachi kuvujisha. Mlango wa povu unaingiza mbili tu, lakini unapoteza chini ya nne. Na hapo nimechagua siku ya jua. Kukiwa na mawingu wiki nzima, rangi yako ni pambo.

Kinachoniudhi ni kwamba wengi wanaoniuliza wamekulia chini ya bati lisilo na dari. Mchana tanuri, alfajiri unatafuta blanketi la pili. Jibu walilala chini yake miaka yote hiyo!

Mlango wa povu nao usiupake rangi nyeusi hovyo. Ngozi ya nje inatanuka, ya ndani iko baridi, paneli inapinda kama upinde.

Sasa nikiri. Ile robo inategemea upepo. Siku tulivu inaweza kupita theluthi, na hesabu ya bati inapendeza kidogo. Pia ile R-18 ya kwenye katalogi (R ni kipimo cha kuzuia joto, kikubwa ndicho bora) kwa kawaida hupimwa katikati ya paneli. Ukihesabu viungo na kingo, mlango mzima uko chini sana, na ndiyo maana hapo juu nimetumia kama R-6. Wauzaji wenzangu hawapendi niseme hivyo.

Yule kaka nilimwambia azime taa mchana, afunge mlango, ajilaze sakafuni atazame chini yake. Akaona mwanga wa upana wa kidole, kutoka pembe hadi pembe. Jumamosi nakwenda kumbadilishia mpira wa chini. Rangi anasema bado anaifikiria.